Aliyependa Nje ya Ndoa: Kosa Lake Liko Wapi?

Mwezi Machi 2013 runinga za Kenya zilionyesha tangazo lenye hadithi fupi sana. Wanawake wawili wanazungumza sokoni. Mmoja ana mume, na ana mpango wa kando. Mwenzake hamkaripii; anamsihi tu watumie kondomu. Haukupita muda, viongozi wa Kikristo na wa Kiislamu wakapaza sauti kwamba tangazo hilo linabariki uzinzi, likaondolewa hewani. Walioliandaa hawakuwa wamekurupuka. Uchambuzi wa njia za maambukizi uliotolewa nchini mwaka 2009 ulikadiria kwamba asilimia 44 hivi ya maambukizi mapya ya virusi vya Ukimwi yalitokea kati ya wanandoa na wapenzi wa kudumu. Hawa walitaka kuokoa maisha, wale walitaka kuokoa ndoa. Katika mvutano huo maswali mawili hayakupata nafasi: je, mwanamke yule alimpenda huyo mwanamume wa pili? Na mume wake, alikuwa na haki gani ya kujua?

Maswali hayo ndiyo yanayojadiliwa hapa, na ninayapeleka Kangundo kwa sababu. Kangundo, kaunti ya Machakos, ni nchi ya vilima na mashamba ya kahawa, na kwa miongo mingi imekuwa pia nchi ya ndoa zinazoishi mahali pawili. Barabara ya Kangundo inatoka huko, inapita Tala, Malaa, Joska na Kamulu hadi Nairobi, na imewabeba waume, siku hizi na wake pia, wanaotafuta riziki jijini na kurudi mwisho wa wiki au mwisho wa mwezi. Ukoo una neno lake kuhusu ndoa hizo, kanisa lina lake, mahakama ina lake. Wasemaji sita wanaofuata nimewapanga mimi. Si watu fulani wa kutafutwa kwa majina. Kila mmoja anabeba msimamo ambao mkaazi yeyote wa Ukambani amewahi kuusikia, na nimejitahidi kila mmoja apate hoja zake zenye nguvu kabisa. Hoja iliyo mezani ni hii: je, mapenzi ya kweli yanampa mtu ruhusa ya kuvunja ahadi ya ndoa?

MCHUNGAJI: Nasema hapana, na sisemi hivyo kwa kuyadharau mapenzi. Siku ya arusi hatuwaulizi maharusi kama wanapendana leo. Hilo tunaliona usoni mwao. Tunawauliza kama watapendana kesho, katika raha na katika taabu. Ahadi imewekwa kwa ajili ya siku ambayo hisia zimepoa: mume amefutwa kazi Nairobi, mke ameugua, shamba limekauka. Kama hisia zingetosha, ahadi ingekuwa ya nini? Anayesema, "Nimempenda mwingine," huenda anasema kweli kuhusu moyo wake, lakini bado hajasema neno la kumfungua. Moyo hauombi ruhusa kabla ya kutamani, hilo nalijua. Ila kati ya kutamani na kutenda kuna hatua nyingi, na kila hatua mtu huipiga kwa hiari yake. Anahifadhi nambari ya simu kwa jina la mtu mwingine. Anasema gari limeharibika Joska. Anatafuta chumba. Kwa kila moja ya hizo angeweza kusimama.

MZEE WA UKOO: Mchungaji amesema vizuri, lakini ameanzia katikati. Kwa Wakamba ndoa haikuwa jambo la watu wawili. Bila mbuzi wa ntheo kupelekwa kwa wazazi wa msichana, hapakuwa na ndoa, na hata leo mahakama ikiamua kesi ya ndoa yetu ya kimila huuliza kama ntheo ilitolewa. Aliyetembea na mke wa mtu aliitwa mbele ya wazee, akatozwa mifugo, jambo likamalizwa watu wakiona. Na mwanamume aliyempenda mwanamke mwingine hakuwa na haja ya kujificha. Alimwoa, akamjengea nyumba, watoto wake wakajulikana kwa jina na kwa shamba. Wamisionari wa Africa Inland Mission walipofika Ukambani mwaka 1895, wakatufundisha mke mmoja. Wengi walilipokea neno hilo kwa imani safi. Lakini wengine walimwondoa mke wa pili bomani wakampeleka kwenye chumba cha kupanga mjini. Nauliza: lipi lina madhara zaidi, wake wawili wanaojuana, au mke mmoja na mwingine atakayejulikana siku ya mazishi?

MAMA: Mzee wangu, nakuheshimu, lakini kujua si kukubali. Mke wa kwanza alijua kwa sababu aliona nyumba ikijengwa. Ni nani aliyemuuliza kabla? Na ile mifugo ya faini, ilienda kwa nani? Ilienda kwa mume. Mume naye akitembea nje, mkewe alifidiwa nini? Kosa lilihesabiwa kuwa dhidi ya mwanamume tu. Mimi ndiye ninayechuma kahawa na kuipeleka kiwandani. Mimi ndiye ninayejua mtoto yupi amerudishwa nyumbani kwa sababu ya karo. Mume wangu akipenda mwingine, jasho langu ndilo linalogawanywa kwanza.

Lakini na wewe Mchungaji nina neno lako. Unamzungumzia mwanamke wa sokoni kana kwamba aliamka asubuhi moja akachoka na mume mwema. Nawajua wanawake walioachwa na waume ambao hawajatoka nyumbani. Mtu analala humo humo, lakini mshahara umeishia kwenye pombe, na maneno anayomwambia mkewe ni matusi tu. Mwanamke huyo hana talaka na hana mume. Akitokea mtu akamuuliza siku yako ilikuwaje, akamsikiliza mpaka mwisho, wataka moyo wake usitikisike? Simwambii aende. Nasema usimhukumu kana kwamba yeye ndiye aliyeanza kuvunja ahadi.

MCHUNGAJI: Mama, ulevi wa mume na ukatili wake ni kuvunja ahadi, na kanisa limekuwa jepesi mno kumwambia mke avumilie. Hilo nalikubali mbele ya watu. Lakini kosa la mmoja halimpi mwenzake kibali cha kufanya siri. Linampa sababu ya kusema waziwazi, "Mimi siwezi tena." Hizo ni njia mbili, na hazifiki mahali pamoja.

WAKILI: Njia hiyo ya kusema waziwazi sheria imeifungua. Sheria ya Ndoa ya 2014 inautaja uzinzi kuwa sababu ya talaka, lakini inautaja ukatili pia, wa mwili na wa akili, na kutelekezwa kwa miaka mitatu au zaidi. Mwanamke anayeelezwa na Mama anaweza kufika mahakamani hapa Kangundo bila kuhitaji mpenzi wa kumtoa. Kenya haimfungi mtu jela kwa uzinzi. Jirani zetu Uganda walikuwa na kosa hilo katika sheria ya jinai, na lilikuwa la upande mmoja: mke alikosa akilala na mwanamume yeyote, lakini mume alikosa tu akilala na mke wa mwenzake. Mwaka 2007 Mahakama ya Katiba ya Uganda ilikifuta kifungu hicho kwa sababu ya ubaguzi huo. Kwa hiyo Mama, mizani unayoilalamikia haikuwa ya wazee peke yao. Iliandikwa na serikali.

Na Mzee, ulisema wake walijuana. Machi 2014 Bunge letu lilikuwa na nafasi ya kwenda mbele zaidi, mke wa kwanza ashirikishwe kabla ya mume kuoa mwingine. Wabunge wanaume waliliondoa sharti hilo, na wabunge wanawake wakatoka nje ya ukumbi kwa hasira. Sheria iliyopatikana inasema ndoa ya Kikristo na ya kiserikali ni ya mke mmoja, ya kimila na ya Kiislamu inaweza kuwa ya wake zaidi ya mmoja. Lakini swali la Mama, ni nani aliyemuuliza mke wa kwanza, liliachwa pale pale.

DADA WA NAIROBI: Mmekuwa mkinizungumzia bila kunitaja. Mimi ndiye mnayemwita mpango wa kando. Nilikutana naye kazini. Aliniambia wameachana na mkewe, yamebaki makaratasi tu. Nilimwamini kwa sababu nilimpenda, na nilimpenda kwa sababu alikuwa mwema kwangu. Siku niliyogundua kwamba mke wake yuko Kangundo, anamngoja kila Ijumaa na hana habari ya kuachana kokote, sikuacha kumpenda. Moyo hauzimwi siku moja. Lakini najua kosa langu lilianza siku hiyo. Kabla yake tulikuwa wanawake wawili tunaodanganywa na mtu mmoja. Baada yake alibaki mwanamke mmoja anayedanganywa na watu wawili. Naomba jambo hilo lipimwe kwa haki, maana mtaani yeye anaambiwa ana udhaifu wa kiume, mimi naitwa mvunja nyumba.

Na bado nina swali. Mnaniambia mapenzi yetu ni ya uongo kwa sababu ni ya siri. Mtu anayekaa na mke asiyempenda, anakula chakula chake, anapiga naye picha kanisani, yeye hasemi uongo?

MWALIMU WA FASIHI: Swali hilo ni zito, na hadithi nyingi zinalikwepa. Mwandishi wetu wa Ukambani, David Maillu, mzaliwa wa Kilungu, alitoa mwaka 1973 kitabu kiitwacho Unfit for Human Consumption. Mhusika wake, Jonathan Kinama, ni mfanyakazi wa serikali Nairobi. Familia iko nyumbani, mshahara unaishia kwa pombe na wanawake, na mwisho wake ni kujitoa uhai. Vitabu vya Maillu vilisomwa kwa wingi, na Tanzania ikavipiga marufuku. Lakini hadithi ya Jonathan ni nyepesi kuihukumu, kwa kuwa ndani yake kuna tamaa na hakuna mapenzi. Dada anatuuliza kuhusu mapenzi.

Kwa hilo nitakwenda mbali, hadi Urusi. Mwaka 1899 Anton Chekhov aliandika hadithi ya Gurov, mtu wa Moscow mwenye mke na watoto, aliyezoea kuwachezea wanawake. Akiwa mapumzikoni Yalta, mji wa pwani, anakutana na Anna, mke wa mtu, anayetembea na mbwa wake mdogo. Anadhani ni mchezo kama ile mingine. Anarudi kwake, siku zinapita, na kumbe safari hii amependa, kwa mara ya kwanza maishani, nywele zikiwa zimeshaanza kuota mvi. Anamfuata hadi mji wake. Wanaendelea kukutana kwa siri Moscow. Chekhov hawaadhibu. Hamleti askari, hamleti ugonjwa, hamleti kifo. Anatufanya tuone kwamba mtu aliyekuwa bure amekuwa mtu kwa sababu amependa. Dada, ukitafuta mwandishi wa kukutetea, huyo ndiye.

MAMA: Na mke wa Gurov, yeye anasema nini?

MWALIMU WA FASIHI: Karibu hasemi kitu. Tunamwona kwa macho ya mumewe tu: nyusi zake, vitabu vyake, namna anavyomchosha. Mume wa Anna naye tunamwona kwa mbali, kwenye ukumbi wa maonyesho, na tunamjua kwa dharau aliyonayo mkewe. Ni hadithi kubwa, lakini huruma yake imeelekezwa kwa wawili kati ya wanne. Wale wengine wawili maisha yao yameshaamuliwa na hawana habari.

DADA WA NAIROBI: Kwa hiyo unasema mapenzi yao hayakuwa ya kweli.

MWALIMU WA FASIHI: La, dada yangu. Yalikuwa ya kweli. Na dhuluma waliyoifanya ilikuwa ya kweli. La kwanza halilifuti la pili. Tumezoea kudhani tukithibitisha kwamba wanapendana, tumewasafisha. Au tukithibitisha kwamba wanadhulumu, tumethibitisha kwamba hawapendani. Chekhov hakukubali njia hizo za mkato. Hadithi yake inaishia pale wapenzi wenyewe wamechoka kujificha, wanatafuta namna ya kuondokana na uongo, na wanajua kwamba gumu zaidi ndiyo kwanza linaanza. Hakuwaambia wafanye nini. Hilo gumu katuachia sisi.

WAKILI: Na likiachwa bila kuamuliwa, huishia mikononi mwetu. Januari 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua kesi ya mwanamume na mwanamke waliokaa pamoja Dagoretti, Nairobi, kuanzia mwaka 1986 kwa miaka 25 hivi. Walipokosana wakagombania mali, mwanamume akaomba ihesabiwe kwamba walikuwa mume na mke. Mahakama ikakataa, kwa sababu mwanamke alikuwa bado na ndoa na mwanamume mwingine ambayo haikuwa imevunjwa. Robo karne ya kuishi pamoja haikutosha kuwa ndoa. Lakini mahakama haikusema miaka hiyo haikuwepo. Kwa kuwa wote wawili walichangia, iliigawa mali: asilimia 70 kwa mwanamke, asilimia 30 kwa mwanamume. Ndoa iliyoachwa bila kufungwa wala kufunguliwa iliwafuata mpaka mahakama ya mwisho nchini.

Tena kuna urithi. Novemba 2021 Rais Uhuru Kenyatta alitia saini marekebisho ya Sheria ya Urithi, yaliyoanzishwa na mbunge Peter Kaluma wa Homa Bay Mjini, yanayomtaja mwenzi wa ndoa kuwa yule anayetambuliwa na Sheria ya Ndoa. Mwanamke wa siri anaweza kumpenda mtu miaka yote, akafika kwenye mazishi yake bila haki ya mjane. Anayempenda kweli mwanamke huyo, kwa nini amwache katika hali hiyo?

MZEE WA UKOO: Na watoto? Kwa mila yetu mtoto hakukosa kwao. Aliyezaliwa na mke uliyemtolea mali alikuwa wako. Siku hizi nawaona vijana wanafika kijijini na picha mkononi, wakiuliza kaburi la baba yao liko wapi.

WAKILI: Katiba ya 2010 imewasimamia, Mzee. Kifungu cha 53 kinampa kila mtoto haki ya kulelewa na baba na mama kwa wajibu ulio sawa, wawe wameoana au hawakuoana. Sheria inaweza kumlazimisha baba kulipa karo. Haiwezi kumlazimisha kumtambulisha mtoto kwa nyanya yake.

MZEE WA UKOO: Basi nitasema jambo ambalo baba yangu hakulisema. Nilitetea wake wawili kwa sababu mambo yalikuwa wazi. Mama ameniuliza mke wa kwanza aliulizwa na nani, na jibu sina. Uwazi wa kuona nyumba ikijengwa si uwazi kamili. Kama ukoo utakaa na mke asikilizwe kwanza, na akisema hapana, hapana yake ihesabiwe, huo ndio uwazi ninaoweza kuutetea mbele ya wajukuu wangu wa kike.

DADA WA NAIROBI: Mnasema ukweli, ukweli. Mimi nilimwambia aende akamwambie mkewe. Akajibu, "Nitamuumiza. Hakunikosea kitu." Nilimwona ni mtu wa huruma.

MAMA: Mwanangu, huruma hiyo ilikuwa ya nani? Alikuwa anajihurumia yeye. Acha nikuambie mke asiyejua anakosa nini. Akijua, anaweza kulia kisha akasamehe. Anaweza kudai shamba ligawanywe. Anaweza kurudi kwao, au akamfukuza mume. Anaweza kwenda hospitali akapimwe, akajikinga. Yule rafiki wa sokoni alimwambia mwenzake atumie kondomu na yule wa nje. Nani alimwambia yule wa ndani kwamba naye yuko hatarini? Asiyejua hana hata moja ya hayo. Anapika, anangoja, anadhani maisha yake ni yake. Niumizwe na jambo ninalolijua, nitajua la kufanya.

MCHUNGAJI: Hapo Mama amesema kuliko mahubiri yangu. Nilianza kwa kusema kosa ni kuvunja ahadi. Sasa naona hata ahadi ilikuwa na mtu ndani yake. Nikiwahubiria watu juu ya ahadi nikamsahau mtu aliyeahidiwa, nimehubiri nusu.

Wasemaji wameishia hapo. Natoa sasa uamuzi wangu.

Sikubaliani na wale wanaosema kumpenda mtu nje ya ndoa ni uovu kwa sababu moyo umeteleza. Moyo wa binadamu haujawahi kutawaliwa kwa amri, na jamii inayodai kuutawala hupata watu wanaojua kuficha kuliko watu waaminifu. Wala sikubaliani na wale wanaosema mapenzi yakiwa ya kweli yanajihalalisha yenyewe. Dada alimpenda mtu yule kweli. Gurov alimpenda Anna kweli. Ukweli huo haukupunguza hata chembe ya yale waliyowafanyia wasiojua.

Kosa la penzi la siri liko mahali pamoja, na Mama ndiye aliyelionyesha: mtu mmoja anaamua kwa niaba ya mwingine bila kumwambia kwamba kuna uamuzi. Ndoa ni maisha ambayo watu wawili wana kauli sawa juu yake. Kifungu cha 45 cha Katiba kinatamka usawa huo wakati wa kuoana, katika ndoa, na wakati wa kuachana. Anayeendesha penzi la siri ameendelea kula matunda ya ndoa huku akimnyang'anya mwenzake kauli. Anajua kitakachotokea na mwenzake hajui. Anaweza kuchagua na mwenzake hawezi. Hata Bunge lililomwondolea mke wa kwanza nafasi ya kuulizwa lilifanya kosa hilo hilo, ila lenyewe lililifanya kwa kura. Mume mlevi wa hadithi ya Mama naye amelifanya, maana ameamua peke yake kwamba ndoa imekwisha na hakumwambia mtu.

Kwa hiyo swali la Dada lina jibu. Ndiyo, kuishi na mtu usiyempenda na kujifanya unampenda ni uongo. Dawa yake ni kusema, wala si kuongeza uongo wa pili juu ya wa kwanza. Aliyependa kwingine ana njia mbili za heshima. Ya kwanza ni kuliacha penzi hilo na kurudi kuijenga ndoa kwa nguvu zake zote. Ya pili ni kumkabili mwenzake, kumwambia yaliyopo, kukubali hasira yake na uamuzi wake, na kutoka kwa utaratibu: mali igawanywe kwa haki, watoto wasipotezwe, na yule mpenzi mpya aingizwe maishani mchana. Zote mbili zinagharimu. Asiyekuwa tayari kulipa gharama ya yoyote kati ya hizo hana sababu ya kutuambia kwamba anapenda sana.

Nakiri kuna hali moja ambayo ukweli haupaswi kutangulia. Mwanamke anayejua kwamba akisema atapigwa au atauawa hadaiwi maungamo. Anadai usalama kwanza. Sheria ya Ulinzi Dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ya 2015 inamwezesha kuomba amri ya mahakama ya kumlinda, na jamaa, kanisa na ukoo wana wajibu wa kumsindikiza hadi aipate. Atoke kwanza, aseme akiwa mahali salama. Lakini waume wengi wanaotumia neno huruma kuficha mambo yao hawaogopi kupigwa. Wanaogopa kupoteza vyote viwili, na hofu hiyo haistahili kuitwa mapenzi.

Tangazo la 2013 lilimfundisha mwanamke wa sokoni kuukinga mwili wake, na hilo lilikuwa jema. Walioliondoa walitaka ndoa iheshimiwe, na hilo pia lilikuwa jema. Kilichokosekana ni mtu wa tatu wa kumwambia: mume wako, hata akiwa na makosa, ana haki ya kujua kwamba umeondoka moyoni, na wewe una haki ya kuondoka bila kujificha. Kangundo na kwingineko, tukiwafundisha watoto wetu jambo moja kuhusu mapenzi na ndoa, liwe hili: unayempenda mwambie, uliyeacha kumpenda mwambie pia, na usikubali kupendwa na mtu anayeogopa kulitaja jina lako nyumbani kwake.